Gandhi na Supu ya Holborn

Mohandas Gandhi alizaliwa Porbandar, Bara Hindi, mwaka 1869. Kabla ya kwenda London kusoma sheria, mwaka 1888, alimwapia mamaye kuwa hatagusa nyama. Huko rafiki mmoja hakuchoka kumshurutisha ale. Jioni moja, katika hoteli ya Holborn, Gandhi alimwita mtumishi amwulize kama supu ina nyama. Rafiki akatahayari, akamwambia atoke nje. Alitoka bila ubishi, akakaa na njaa, kisha wakafuatana kutazama mchezo, wala hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Wapo askari wadhanio kuwa asiyekula nyama hana nguvu. Hao twawakumbusha Vita vya Makaburu: mwaka 1900, huko Natal, Gandhi na Wahindi wenzake walichukua majeruhi kwa machela, maili 20 hadi 25 kwa siku.