Michael Wood, tabibu aliyepeleka upandikizaji wa ngozi vijijini kwa ndege

Mkazi wa Ahero akiungua moto leo, hospitali kuu ya Kisumu haiko mbali. Mji huo wa wakulima wa mpunga umekaa penye njia panda ya barabara za Kericho na Kisii. Hata hivyo, kidonda kikubwa cha moto huhitaji pia daktari ajuaye kupandikiza ngozi. Kikiachwa kijifunge chenyewe, kovu hukaza na kukunja kiungo hata mkono usiweze kushika jembe.

Miongoni mwa waliouleta ujuzi huo Afrika Mashariki ni marehemu Sir Michael Wood, daktari wa upasuaji kutoka Uingereza aliyehamia Kenya baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwalimu wake alikuwa Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand aliyepata sifa kwa kuwatibu marubani walioungua vitani.

Katika upasuaji huo, dawa hutoka mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. Ngozi nyembamba hukatwa pajani na kutandazwa juu ya kidonda. Pakiwa na shimo, huhamishwa ngozi nene pamoja na mafuta yaliyo chini yake. Ngozi ya mtu mwingine hukataliwa na mwili, lakini ya mwenyewe hushika. Mapema mwaka wa 1893, Gustav Neuber wa Ujerumani alikuwa amehamisha mafuta ya mkono kujaza kovu la uso. Siku hizi mafuta hayo hudungwa pia kando ya vidonda sugu ili kuchochea uponyaji.

Wood aliona kuwa ujuzi huo ulikuwa Nairobi, ilhali wengi wa wagonjwa waliishi mbali, kusiko na barabara wala daktari wa upasuaji. Akajifunza kurusha ndege. Mwaka wa 1957, yeye, McIndoe na Mmarekani Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wa angani, ambayo sasa ni shirika la Amref.

McIndoe alifariki mwaka wa 1960, lakini Wood aliendelea kuliongoza shirika hilo kwa miaka mingi. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1985, akafariki mwaka wa 1987.

Ngozi ya kuponya kidonda mgonjwa anayo tayari. Wood alitumia maisha yake kuhakikisha kwamba mwenye kisu naye anamfikia kabla ya kovu kukaza.