Leslie Brown na Siri ya Heroe

Safari hii sikutaka kuwaletea maisha ya mfalme wala mwanasiasa. Nimewaletea mzungu mmoja mkaidi ambaye nusura afe kwa ajili ya ndege wetu wa ziwani.

Ukisimama mahali palipoinuka hapa Bahati, siku isiyo na ukungu, Ziwa Nakuru unaliona kule chini. Kwa miaka mingi kingo zake zilikuwa za rangi ya waridi kwa wingi wa heroe, ambao wengi wetu huwaita flamingo tu. Ndege huyu hula kama nyangumi. Msicheke! Nyangumi wakubwa wasio na meno hujaza maji ya bahari kinywani, kisha huyasukuma nje na kubaki na vijidudu vilivyonaswa kwenye chujio lao. Heroe naye hupindua kichwa juu chini majini, ulimi ukafanya kazi ya pampu, na vinyweleo vya mdomo vikachuja mwani. Tena wale nyangumi wa nundu wanaopita Watamu kila mwaka huja huku kuzaa na kulea, chakula chao wamekiacha kusini kabisa kwenye barafu. Kwa hivyo anayetaka picha ya kiumbe akichuja mlo wake katika maji mapana hana haja ya kupanda basi la pwani. Ashuke tu Nakuru.

Leslie Brown alizaliwa India mwaka 1917, akasoma Chuo Kikuu cha St Andrews kule Scotland. Alifanya kazi ya kilimo Nigeria, halafu mwaka 1946 akaja Kenya. Alipanda cheo hadi akawa mkuu wa wataalamu wa kilimo nchini. Mshahara wake ulikuwa wa mashamba, si wa ndege. Lakini alipokuwa Embu alianza kuwafuatilia tai wa kilima kimoja, na akaendelea nao kwa miaka mingi. Akianza jambo, haachi.

Basi jambo lililomsumbua ni hili. Heroe wadogo walionekana kwa mamia ya maelfu Nakuru, Elmenteita na Bogoria wakila. Je, walitaga wapi? Wataalamu wa ndege hawakuwa na jibu. Mwaka 1954 Brown alipaa kwa ndege juu ya Ziwa Natron, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Tanzania, na huko katikati ya tope la magadi akaona viota, tele kama siafu. Siri ilikuwa imefichuka.

Mwingine angepiga picha zake kutoka angani akarudi nyumbani. Brown hakuridhika. Alitaka kuwaona karibu, basi akaanza kutembea kwa miguu kuvuka lile tope. Jamani, Natron si mchezo! Juu ni ganda jeupe linaloonekana gumu, chini ni uji wa moto unaounguza. Alizama hadi magotini kila hatua. Magadi yaliingia ndani ya buti na kumchubua, na hata maji yake ya kunywa yakaharibika. Hakuwafikia heroe. Alirudi ufukoni kwa shida kubwa, miguu imevimba malengelenge na kuwa myeusi. Alilala hospitalini wiki kadhaa na ikabidi abandikwe ngozi mpya miguuni.

Mimi nilipoisoma habari hii nilimwona mjinga kidogo. Mtu mzima, mtaalamu, anaingiaje tope asilolijua peke yake? Lakini alipopona alirudi kwenye kazi ileile, safari hii kwa akili zaidi. Kamera ilimsaidia kuhesabu, maana ndege wengi vile huwezi kuwahesabu kwa kidole. Unapiga picha kutoka angani, unahesabu sehemu moja, halafu unakadiria zilizobaki. Mwaka 1959 alichapisha kitabu kuhusu siri hiyo ya heroe.

Mwaka 1962 heroe wadogo zaidi ya jozi milioni moja walitaga Ziwa Magadi, upande wetu wa Kenya. Huko vifaranga wakapatwa na balaa: magadi yaliganda miguuni mwao kama pingu, wakashindwa kutembea. Mpiga filamu Alan Root na watu wengine waliingia ziwani wakazivunja pingu hizo moja moja, wakawaokoa maelfu ya vifaranga. Root na Brown baadaye waliandika pamoja kuhusu uzazi wa ndege hao.

Hapa karibu na kwetu, Elmenteita, Brown alichunguza heroe wakubwa. Kisha akashuhudia jambo la ajabu. Samaki walikuwa wamepandikizwa Ziwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu. Kumbe wari nao wanapenda samaki! Wari wakaja kwa wingi, na kuanzia mwaka 1968 wakavitwaa visiwa vya Elmenteita kwa kutagia, wakawafukuza heroe. Samaki wa ziwa moja wakawanyima wengine nyumba katika ziwa jingine.

Brown alifariki mwaka 1980. Kitabu cha kwanza cha mfululizo mkubwa wa ndege wa Afrika, alichokiandika na wenzake, kilitoka mwaka 1982 yeye akiwa kaburini.

Tangu miaka ya 2010 maji ya Ziwa Nakuru yamepanda sana, magadi yakapungua nguvu na mwani wa heroe ukapungua, hivyo wengi wakahamia Bogoria. Tulipotembelea ziwa na chama chetu tulikuta kikundi kidogo tu, mbali kidogo na ukingo. Mwalimu aliwapiga picha nyingi. Tulipoziangalia tukiwa ndani ya basi, zilionyesha migongo na shingo tu. Midomo yote ilikuwa ndani ya maji.