MAMA MARTHA WASHINGTON, MKE WA JEMADARI

Katika wamama wanaokumbukwa sana katika inchi ya Marekani yumo Martha Washington. Tunapenda kueleza maisha yake kwa ufupi, yale yanayopendeza pamoja na yale yanayohuzunisha, kwa maana yote mawili yanafundisha.

Alizaliwa mwaka wa 1731 katika Virginia, wakati ilipokuwa koloni la Uingereza. Mwaka wa 1750 aliolewa na Daniel Parke Custis, tajiri wa mashamba, wakazaa watoto wanne. Wawili walikufa wangali wadogo. Mwaka wa 1757 bwana wake naye akafa. Martha akabaki mjane wa miaka 26, pamoja na Jacky na Patsy.

Tarehe 6 Januari 1759 aliolewa na George Washington, wakakaa Mount Vernon, kando ya mto Potomac. Hawakupata mtoto, lakini Washington aliwalea wale wawili. Patsy alikuwa na kifafa. Walimtafutia waganga na dawa za kila namna, lakini hazikusaidia. Mwaka wa 1773 kifafa kilimkamata akafa, akiwa na miaka 17.

Mwaka wa 1775 vita vilianza, na Washington akawekwa kuwa jemadari mkuu. Siku zile majeshi yalitulia kambini wakati wa baridi kali. Basi kila mwaka, kwa miaka minane, Martha alifunga safari ndefu kumfuata bwana wake huko. Alikuwa akiogopa sana ndui, lakini mwaka wa 1776 alikubali kuchanjwa kule Philadelphia, apate kukaa salama katikati ya waaskari. Mwaka wa 1778 alifika Valley Forge, mahali magonjwa yalipoua waaskari wengi. Na kambini hakukaa bure: alifuma soksi za waaskari kwa mikono yake.

Mwaka wa 1781 Jacky alikwenda pamoja na jeshi Yorktown. Jeshi lilishinda, lakini yeye alishikwa na homa ya kambi akafa. Sasa Martha alikuwa amezika watoto wake wote wanne. Aliwachukua wajukuu wawili wadogo, Nelly na George, akawalea kama watoto wake.

Hapa tuseme kweli yote. Nyumba ile iliishi kwa jasho la mamia ya watumwa, watu wa asili ya Afrika. Mmoja wao, binti Ona Judge, alikuwa mtumishi wa chumbani mwa Martha. Washington alipokuwa Rais wa Marekani, binti huyu alisikia kwamba Martha atamtoa zawadi kwa mjukuu wake anayeolewa. Mwaka wa 1796 alitoroka kutoka Philadelphia. Walimtafuta wamrudishe, lakini hakurudi. Alikufa akiwa huru katika New Hampshire, mwaka wa 1848.

Washington alikufa mwaka wa 1799. Aliandika katika wosia kwamba watumwa wake 123 wapate uhuru Martha atakapokufa. Martha hakungoja: aliwaachilia tarehe 1 Januari 1801. Lakini wengine, zaidi ya 150, walikuwa urithi wa jamaa ya Custis, na sheria haikumruhusu kuwaachilia. Alipokufa, tarehe 22 Mei 1802, waligawanywa kwa wajukuu wake wanne. Kwa sababu walikuwa wameoana na wale wa Washington, jamaa nyingi zilitengana, hata wamama na watoto wao. Mtumwa mmoja aliyekuwa mali yake mwenyewe, ambaye aliweza kumpa uhuru, alimwachia mjukuu wake.

Wapendwa, mama huyu alijua uchungu wa kupoteza mtoto kuliko wengi wetu, lakini hakuutambua katika nyumba za watumwa wake, hatua chache tu kutoka mlango wake. Tunasifu uaminifu wake kwa bwana wake na watoto wake. Na sisi tujiulize: mtoto wa mwingine anayefanya kazi nyumbani mwetu, tunamwona kama mtoto?