Aristides de Sousa Mendes: balozi aliyetia sahihi

Kazi ya balozi ni kutumwa. Anasema yale ambayo serikali yake imemtuma kusema, na sahihi yake si mali yake mwenyewe. Leo tunakumbuka maisha ya mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miaka 30, kisha kwa siku chache akaitumia sahihi ile kinyume cha amri.

Aristides de Sousa Mendes alizaliwa mwaka 1885 katika kijiji cha Cabanas de Viriato, nchini Ureno, katika jamaa tajiri ya Wakatoliki. Yeye na César, pacha wake, walisoma sheria Coimbra na wote wawili wakawa wanadiplomasia. Kuanzia mwaka 1910 Aristides alitumwa huku na huku kama balozi mdogo: Zanzibar, Brazili, Marekani, Hispania, na miaka mingi Antwerp, Ubelgiji. Yeye na mke wake Angelina walizaa watoto 14. Mwaka 1938 alipelekwa Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa.

Vita vilipoanza, Salazar, aliyetawala Ureno, alitoa agizo mwezi wa Novemba 1939. Mabalozi wadogo walikatazwa kuwapa viza watu wasio na uraia, Wayahudi waliofukuzwa kwao na wengine wengi, bila kwanza kuomba ruhusa Lisbon.

Mwezi wa Juni 1940 jeshi la Hitler liliingia Paris, na wakimbizi wakajaa Bordeaux. Walilala barabarani na kwenye ngazi za ofisi yake. Njia iliyobaki ilikuwa kupita Hispania mpaka Ureno, na bila viza mpaka ulifungwa. Sousa Mendes alitaka kumsaidia rabi mmoja, Chaim Kruger, pamoja na jamaa yake. Rabi akakataa kuokoka peke yake na kuwaacha wenzake nje.

Familia yake inasimulia kwamba balozi aliugua kwa mahangaiko, akalala kitandani siku kadhaa. Alipoinuka, aliamua kumpa viza kila aliyeomba, bila kuuliza taifa wala dini, na bila kudai malipo. Walitia sahihi na kupiga mihuri mchana na usiku, wanawe na Kruger wakisaidia. Kisha akaenda Bayonne na Hendaye, karibu na mpaka, akaendelea huko mpaka Lisbon ilipomnyang'anya mamlaka na kumwita arudi. Maelfu ya watu walipita kwa karatasi zake.

Hakuwa mtu asiye na doa. Aliwahi kuadhibiwa kazini kabla ya hapo, na mwaka huohuo wa 1940 alizaa mtoto nje ya ndoa. Tunayasema haya kwa sababu wengi hufikiri kwamba tendo kubwa la haki linangojea watu wakamilifu.

Serikali ilimhukumu: mwaka mmoja bila kazi kwa nusu ya mshahara, kisha kustaafishwa kwa lazima. Jamaa ile iliyokuwa tajiri ikaenda kula kwenye jiko la msaada la Wayahudi mjini Lisbon. Angelina alifariki mwaka 1948, na watoto wakatawanyika nchi za mbali. Yeye alifariki tarehe 3 Aprili 1954, maskini, bila kurudishiwa heshima.

Heshima ilikuja polepole. Yad Vashem ya Yerusalemu ilimtambua mwaka 1966. Bunge la Ureno lilimrudishia cheo mwaka 1988, na mwaka 2021 jina lake likawekwa katika jengo la mashujaa wa taifa.

Sisi tulioona watu wakifika mpakani na godoro kichwani tunajua uzito wa karatasi moja yenye muhuri. Kati yetu pia wamo wanaoshika mihuri: ofisini, shuleni, hospitalini, hata makanisani. Sousa Mendes hakuwa na jeshi wala fedha za serikali. Alikuwa na meza, kalamu, na watu waliongoja mlangoni.