Rubani Aliyeshuhudiwa na Adui

Lloyd Trigg alizaliwa Houhora, kaskazini mwa New Zealand, mwaka 1914. Kabla ya vita alikuwa muuzaji wa mashine za kilimo, mwenye mke na watoto wawili wa kiume. Mwaka 1941 alijiunga na jeshi la anga, akafunzwa urubani Kanada, kisha akapelekwa Afrika Magharibi katika Kikosi Namba 200, kilichokuwa na kituo Yundum, Gambia, kuwinda nyambizi za Wajerumani.

Tarehe 11 Agosti, 1943, kusini-magharibi ya Dakar, aliikuta nyambizi U-468 ikielea juu ya maji. Nayo haikuzama, ilimlaki kwa mizinga. Ndege yake, Liberator, ikashika moto mkiani. Hapo angaliweza kuacha shambulio na kuitua baharini, huenda baadhi yao wakaokoka. Trigg hakugeuka. Aliipitisha ndege inayowaka chini kabisa juu ya nyambizi, akaangusha mabomu, na punde akatumbukia baharini pamoja na wenzake saba. Nyambizi nayo ikazama.

Hakubaki hata mwenzake mmoja wa kusimulia. Wajerumani saba waliokoka kwa mashua ya mpira iliyotoka katika ndege ile ile. Manowari ya Kiingereza ilipowaokoa, kamanda wao, Klemens Schamong, alieleza wazi ushujaa aliouona. Kwa kawaida askari hupewa nishani kwa taarifa ya mkubwa wake. Trigg alitunukiwa Victoria Cross, Novemba 1943, kwa maneno ya mateka. Kaburi hana. Jina lake limeandikwa katika mnara wa ukumbusho, Malta.