Mwalimu Nyerere na Vitabu Visivyokwisha



Katika nyumba za watu wapendao kusoma kuna jambo moja ambalo aghalabu halisemwi. Vitabu huingia kwa wingi kuliko vinavyosomwa. Kimoja hununuliwa mjini, kingine hutolewa na rafiki, cha tatu huletwa na mtoto anayesoma Dodoma au Arusha, na kile cha kwanza bado hakijafunguliwa. Rundo hukua juu ya meza, kisha huhamia chini ya kitanda, mpaka jamaa wa nyumbani huanza kunung'unika, na mwenye vitabu naye huona haya kana kwamba ana deni asiloweza kulilipa.

Mwezi huu tumeona yafaa tueleze maisha ya mtu ambaye daima vitabu vilimzidi, naye ni marehemu Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi yetu. Hakuwa wa dhehebu letu, alikuwa Mkatoliki, wala hatuandiki habari za siasa yake, maana hizo zimeandikwa na wengi. Twataka kumtazama kama msomaji tu, tujifunze kwake.

Utoto na shule

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, upande wa mashariki ya Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano wa mtemi huyo. Kijana alichunga mbuzi kama watoto wengine wa siku zile. Hakuingia darasani mpaka mwaka 1934, alipokuwa na umri wa miaka 12, akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, kilometa 40 hivi kutoka nyumbani.

Sisi tuliofundisha walimu twajua kwamba mtoto anayeanza shule kwa kuchelewa huchukua mojawapo ya njia mbili. Ama hukata tamaa kwa kuwa wadogo wamemtangulia, ama husoma kwa njaa. Kambarage alisoma kwa njaa. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora, na mwaka 1943 akaenda Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Desemba mwaka ule ule alibatizwa, akapewa jina la Julius.

Huko Makerere alikutana na maandishi ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill juu ya kukandamizwa kwa wanawake. Kitabu kile kilikuwa kimeandikwa Uingereza zaidi ya miaka 70 nyuma, kwa ajili ya watu wa huko. Kijana wa Kizanaki alikichukua, akaandika insha iliyotazama kwa mawazo yale hali ya wanawake wa kwao. Hapo twaona tabia ambayo haikumwacha tena. Kitabu hakikumwishia kichwani, bali alikichukua akaenda nacho kwao na kuuliza kinawafaa nini watu wake.

Mwalimu na mwanafunzi

Baada ya Makerere alifundisha shule ya St. Mary's, Tabora, masomo ya baiolojia na historia. Mwaka 1949 alisafiri kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, akakaa huko hadi 1952 na kupata shahada ya M.A. Alisoma fasihi ya Kiingereza, historia, uchumi, elimu ya mila na desturi za watu, na falsafa ya maadili. Mtu aliyepita katika chuo chochote anaweza kukisia ilivyokuwa. Kila somo lina orodha ya vitabu, na kila kitabu kinataja vingine kumi. Huko ndiko msomaji anakotambua, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba hatamaliza kamwe. Aliyedhani elimu ni kama gunia linaloweza kujaa huona kwamba ni kama kisima: kadiri unavyochimba ndivyo maji yanavyozidi.

Aliporudi alimwoa Maria Gabriel Magige, Januari 1953, akaanza kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Machi 1955 akaacha kazi ya ualimu kwa ajili ya siasa. Katika miaka ile alirudi kwao kwa kitambo, akamfundisha mmisionari Kizanaki na kumsaidia kufasiri maandiko katika lugha hiyo. Kazi ya darasani aliiacha, lakini jina la Mwalimu lilibaki mpaka leo.

Kitabu kimoja kati ya vingi

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka uliofuata Mwalimu akawa Rais. Wengi wetu husema kwamba hatusomi kwa sababu ya kazi. Shamba ni kubwa, mkutano ni mrefu, mgonjwa yuko nyumbani. Sababu hizi ni za kweli. Lakini tumtazame mtu aliyekuwa na nchi nzima mabegani. Mwaka 1963 ulitoka mchezo wa Shakespeare kwa Kiswahili, uitwao Julius Caezar, na mfasiri wake alikuwa Rais wa Tanganyika. Hata baada ya hapo hakuridhika. Aliipitia kazi yake tena, akaisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ukatoka mchezo wa pili wa Shakespeare, Mabepari wa Venisi, na jina hilo alilolichagua lilionyesha kwamba msomaji huyu alikuwa bado anauliza kitabu kinawafaa nini watu wake, maana Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa miaka miwili tu kabla yake.

Wenye marundo ya vitabu nyumbani watafakari jambo hili. Huwezi kufasiri kitabu kwa kukipitia mbio mbio. Kila mstari husomwa mara nyingi, ukapimwa, ukageuzwa, ukasemwa kwa sauti mpaka ukae vizuri mdomoni mwa Mswahili. Wakati Mwalimu alipokuwa akifanya hivyo kwa mchezo mmoja, vitabu vingine mia vilikuwa vikimngoja. Alikubali vingoje. Msomaji mwenye pupa hufungua vitabu sita asimalize hata kimoja, kisha husema kwamba muda ndio uliomponyoka.

Rundo la taifa

Lakini palikuwa na tatizo kubwa kuliko vitabu vya Rais. Raia wengi hawakuwa na kitabu hata kimoja, na kama wangalikuwa nacho wasingaliweza kukisoma. Mwaka 1970 ilikadiriwa kwamba watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika.

Mwalimu aliushughulikia upungufu huo kutoka pande mbili. Upande wa vitabu, sheria ya huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na Desemba 1967 yeye mwenyewe akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Upande wa wasomaji, katika hotuba yake ya kuukaribisha mwaka mpya aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule twakumbuka baba na mama wakienda darasani jioni baada ya shamba, wakikaa chini ya mti au katika madawati yetu madogo, magoti yakigonga ubao. Vitabu vyao vya kwanza vilihusu kazi zao wenyewe: pamba, ndizi, uvuvi, ufugaji wa ng'ombe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma kijitabu pamoja, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Huko Kanda ya Ziwa, mwaka 1974, likaanzishwa gazeti la vijijini kwa ajili ya wasomaji hao wapya, likaitwa Elimu Haina Mwisho.

Kufika mwaka 1986, hesabu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamebaki chini ya 10 katika kila 100. Ilikuwa kazi kubwa ambayo mataifa mengi yaliistaajabia. Hata hivyo, yatupasa kusema ukweli wote. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba takriban watu 22 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 na zaidi, hawakujua kusoma. Vipimo havikuwa vile vile, lakini sisi wa vijijini tuliona kwa macho lililotokea. Miaka ya 1980 hali ya uchumi ilikuwa ngumu, karatasi ikaadimika, madarasa ya jioni yakafifia. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 45 alirudi nyumbani kwake kusiko na ukurasa wa kusoma, na baada ya miaka kumi macho yake yakazisahau herufi. Basi, huku wachache wakiona haya kwa vitabu wasivyovisoma, wengi walipoteza elimu yao kwa kukosa hata kimoja. Haya ndiyo yatuumizayo sisi walimu.

Butiama tena

Mwalimu aliuacha urais Novemba 1985, akarudi Butiama kulima. Nyumbani kwake kuna maktaba yenye maelfu ya vitabu. Tufanye hesabu ndogo. Tangu alipoingia darasani 1934 hadi alipofariki 1999 ni miaka 65. Mtu akisoma kitabu kimoja kila juma bila kukosa, kwa miaka hiyo yote, atakuwa amemaliza vitabu 3,380. Nani awezaye hivyo pamoja na vita, mikutano, safari na taifa la kuongoza? Hatudhani kwamba Mwalimu alivimaliza vyote vilivyokuwa katika rafu zake, wala hatuoni kwamba jambo hilo linamshushia heshima.

Katika uzee wake, badala ya kukimbizana na vitabu vipya, alikirudia kile kilichosomwa na watu wengi kuliko vyote. Alizigeuza Injili zote nne pamoja na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa Ndanda mwaka 1996. Miaka hiyo hiyo alikuwa akisuluhisha ugomvi wa Burundi. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali mjini London, akazikwa kwao Butiama. Rafu zake zilibaki pale pale.

Tujifunze nini?

Sisi watu wa Kondoa twajua maana ya kihenge. Mkulima mwenye uwele na mtama ghalani haoni haya kwa kuwa hajaula wote. Hiyo ni akiba, nayo humpa usingizi. Aibu ni nafaka kuliwa na wadudu huku jirani analala njaa. Vitabu ni vivyo hivyo. Kitabu ambacho hujakisoma ni akiba yako na ya watoto wako. Lakini kitabu kilichofungiwa kabatini, kikaliwa na mchwa, na mtoto wa jirani anatafuta cha kusoma, hicho kitatudai.

Mtume Paulo naye, akiwa kifungoni na akijua siku zake ni chache, alimwandikia Timotheo amletee joho lake na vitabu vyake. Hakusema kwamba muda umekwisha, vitabu vina faida gani tena.

Basi twawaomba wasomaji wetu mambo matatu. Kwanza, mwenye rundo nyumbani achague kitabu kimoja tu usiku huu, akisome polepole hadi mwisho, na vingine vingoje. Pili, vile ambavyo ameshavisoma, au ajuavyo moyoni kwamba hatavisoma, avitoe. Mtoto aliyeanza kusoma yupo katika kila nyumba ya tatu hapa kwetu, na shule zetu hazina vitabu vya ziada. Tatu, tuwakumbuke wazee waliosoma jioni zile za miaka ya 1970. Wengine wao bado tunao kanisani. Kijana akiketi na bibi yake Jumapili alasiri, akamshikia ukurasa wenye herufi kubwa, huenda akashangaa kuona kwamba bibi hajasahau zote.

Bwana atujalie macho ya kusoma, na mkono usiokuwa mzito kutoa.