Jinsi Martin Luther Alivyofanywa Padre

Habari za Dokta Martin Luther zajulikana sana katika sharika zetu, lakini siku alizofanywa padre hazisimuliwi mara nyingi.

Baba yake, mzee Hans, alikuwa mtu wa machimbo ya shaba huko Mansfeld. Alitoa fedha nyingi ili mwanawe asome sheria katika chuo cha Erfurt. Hata tarehe 2 Julai 1505 kijana alikuwa njiani karibu na kijiji cha Stotternheim, radi ikapiga karibu naye. Kwa hofu ya kufa akamwita Anna mtakatifu, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Baada ya siku 15 akapiga hodi kwa watawa wa Augustino. Baba hakuombwa ruhusa, naye akakasirika mno.

Mwaka wa kujaribiwa ulipokwisha, wakubwa wake wakamchagua kuwa padre. Hapa makatekista wa leo watastaajabu: kusoma teolojia chuoni alikuja kuanza baada ya kuwekewa mikono. Matayarisho yake yalikuwa hasa kitabu cha Gabriel Biel kilichoieleza Misa, nacho kilimchoma moyo. Miaka mingi baadaye alikuwa akikitaja. Alifundishwa kwamba padre akiruka neno, au akisahau vazi moja, ametenda dhambi. Wengine huenda waliyasikia hayo wakapita. Martin hakuwa mtu wa kuyapitia juu juu.

Mwezi wa Aprili 1507 akawekewa mikono katika kanisa kuu la Erfurt, umri wake miaka 23. Misa yake ya kwanza ikawekwa tarehe 2 Mei, siku iliyomfaa mzee Hans kuja. Naye akaja, pamoja na wapanda farasi wapata 20, akatoa gulden 20 kwa jiko la watawa.

Madhabahuni, alipofikia sala ambayo padre humwelekea Mungu wa milele, Martin akashikwa na hofu. Mimi ni nani, mavumbi na majivu, hata niseme naye? Ndivyo alivyowaza, akataka kukimbia. Mkubwa aliyesimama karibu ndiye aliyemzuia, akamaliza.

Kisha wakaketi kula. Martin akamwuliza baba yake kwa nini alimpinga. Mzee, asiyejali wenye elimu waliokuwapo, akamkumbusha amri ya nne, ya kuwaheshimu baba na mama. Martin akaitaja radi. Mzee akajibu kwamba labda ilikuwa hila ya Shetani. Neno lile likamwingia kama mwiba, wala hakulisahau.

Mwaka wa 1521, akiwa Wartburg, akaandika kitabu juu ya nadhiri za watawa, akatanguliza barua kwa baba yake, akikiri kwamba nadhiri yake ya ujana iliikiuka amri ya Mungu. Na alipofanya karamu ya arusi yake huko Wittenberg, Juni 1525, mzee Hans na mkewe walisafiri, wakaketi mezani pake.